Simu na Maswali ya Vijana Waliotibiwa Saratani ya Titi

Msomaji anayekaa Rahaleo, mjini Mtwara, anaijua safari ya kwenda Dar es Salaam: zaidi ya kilomita 500. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, abiria walivuka Mto Rufiji kwa kivuko, na masika yakichachamaa hakuna aliyejua atafika lini. Siku hizi basi hufika kwa siku moja. Lakini kwa mgonjwa wa saratani umbali huo haupimwi kwa safari moja. Hupimwa kwa safari zote za kwenda na kurudi Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambayo ni taasisi ya taifa ya tiba ya maradhi hayo. Tena, baada ya matibabu makubwa kumalizika, hubaki maswali ambayo hayangoji tarehe ya kliniki.

Saratani ya titi hutokea pale seli za titi zinapoanza kugawanyika bila kutii mipaka ya mwili. Wengi hudhani ni ugonjwa wa wazee tu. Hapa kwetu, ambako sehemu kubwa ya watu ni vijana, wanawake wengi hugunduliwa kuwa nao wakiwa bado wanazaa, wanasoma, au ndiyo kwanza wameolewa. Hao ndio tunaowazungumzia.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 31, mkazi wa Rahaleo, aliyekatwa uvimbe, akapewa tibakemikali na mionzi, kisha akarudi nyumbani na vidonge vya tamoksifeni. Majirani wanamwona amepona. Nywele zimeota, anatabasamu. Yeye anajua kwamba dawa ile inatakiwa imezwe kila siku kwa miaka 5, pengine 10.

Kwa nini muda wote huo? Saratani nyingi za titi hukuzwa na homoni iitwayo estrojeni. Homoni hiyo hujishikiza kwenye sehemu maalumu ya seli, yaani kipokezi, kama ufunguo unavyoingia katika kitasa. Tamoksifeni hukikalia kitasa hicho katika titi, na ufunguo ukifika haupati pa kuingia. Kwa wenye saratani ya aina hiyo, kuitumia kwa miaka 5 hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Hata hivyo dawa hiyo huweza kuleta vipindi vya joto kali mwilini na kuvuruga hedhi, na haifai kutumiwa na mwenye mimba kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Hapa ndipo ujana unapoleta shida ya pekee. Tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika upesi. Nywele hupukutika kwa sababu hiyo, lakini mizizi yake huotesha nyingine. Mayai ya uzazi hayana bahati hiyo: kwa elimu tuliyo nayo, msichana huzaliwa na akiba yake yote, na yakiharibika hayaoti mengine. Mwalimu wa baiolojia atalitambua somo hili la kidato. Hedhi ikikoma baada ya matibabu huenda ikarudi, hasa kwa aliye kijana zaidi. Na kukoma kwake si uthibitisho kwamba mimba haiwezi kuingia. Tamoksifeni nayo si dawa ya kuzuia mimba. Je, mwanamke wetu amuulize nani mambo haya? Mama mkwe? Naona wengi hunyamaza, wakaacha vidonge kimyakimya kwa kutaka mtoto, na daktari asijue kwa miezi mingi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba jibu la kuwasaidia baadhi yao lipo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa kimataifa uliohusu wanawake 516 wenye umri usiozidi miaka 42. Walitumia tiba ya homoni kwa miezi 18 hadi 30, kisha wakaisimamisha kwa muda usiozidi miaka 2 ili wapate mimba. Katika miaka 3 ya ufuatiliaji, saratani ilirudi au kuzuka upya kwa asilimia 8.9 yao, ikilinganishwa na asilimia 9.2 katika kundi ambalo halikusimamisha. Miaka 3 ni michache kwa ugonjwa unaoweza kurudi baada ya miaka 10, na wanawake wale walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Lakini kati ya kuacha dawa kwa kujificha na kuisimamisha kwa mpango, tofauti ni swali moja lililoulizwa kwa wakati wake.

Simu inaweza kulibeba swali hilo. Huko Marekani, mwaka 2017, yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 766 wenye saratani iliyokwisha kusambaa, wakiwamo wa saratani ya titi. Baadhi waliandika dalili zao kwa kompyuta kati ya siku za kliniki, na dalili ikizidi, muuguzi alipata taarifa. Muda wa kati wa kuishi kwao ulikuwa miezi 31.2, kwa waliopata huduma ya kawaida ulikuwa miezi 26. Mashine haikumtibu mtu. Aliyetibu ni muuguzi aliyepata habari mapema. Hata Ocean Road jaribio la namna hiyo lilifanyika, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021: wagonjwa waliorudi makwao na saratani isiyoponyeka waliulizwa mara kwa mara, kwa programu ya simu au kwa kupigiwa, kuhusu maumivu na dalili nyingine. Kwa vijana waliopona maswali yatakuwa mengine: vidonge, hedhi, mkono uliovimba upande uliotolewa tezi za kwapani, hofu ya usiku.

Chombo kama hicho kisitegemee intaneti peke yake. Mei 2024, kufuatia Kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika eneo la Somanga wilayani Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini. Mtu wa Mtwara alipata shida ya njia zote mbili ndani ya mwezi mmoja! Ujumbe mfupi kati ya simu mbili za hapa nchini hauna haja ya kuvuka bahari. Huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilipeleka bure ujumbe wa Kiswahili kwa wajawazito kupitia simu za kawaida kabisa.

Limebaki suala la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda habari za afya mikononi mwa wanaozikusanya, lakini haifiki kwenye simu inayotumiwa na mume, wifi na watoto. Kwa hiyo ujumbe usitaje ugonjwa wala dawa. Maneno haya yanatosha: "Wiki hii hali ikoje? Nzuri, jibu 1. Nina swali, jibu 2." Jibu likiwa 2, muuguzi hupiga simu, na kabla ya kusema lolote huhakikisha kwamba aliyeipokea ndiye mwenyewe.