Mkono juu ya mkono: rangi ya mbao na masanduku tuliyohama nayo

Wasomaji wetu wengi wana sanduku nyumbani. Aghlabu liko sebuleni, Maskati au Dubai, London au kwengineko, na juu yake pamewekwa picha za wazee na chetezo cha udi. Wako waliohama nalo baada ya 1964, wako walioletewa na jamaa miaka ya baadaye, na wako waliolikuta kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale wakalinunua kwa sababu lilifanana na la kwao. Unguja tuliliita sanduku la njumu, au kasha. Oman huitwa mandusi. Mengi yalitoka Bara Hindi, kwenye bandari za Surat na Bombay na pwani ya Malabar, yakaja kwa majahazi pamoja na nguo na mchele.

Kila tunapokutana na jamaa, swali moja hutujia: "Sanduku la bibi limefifia, tulipake nini?" Mwenye kuuliza huwa ameshanunua kopo la rangi ya mbao, na harusi iko wiki ijayo.

Jibu letu ni hili. Mbao ya zamani haipakwi mpaka isomwe kwanza. Rangi ni ya mbao mpya, ile iliyotiwa kiraka, ili ifanane na ya zamani. Na kila mkono wa rangi upewe muda wake ukauke, kwani asiyesubiri hataweza hata kujua rangi aliyoipata ni ipi. Hapa chini tunaeleza kwa nini, tukianza na kosa letu wenyewe.

Sanduku lililofanywa upya

Katika ukoo wetu palikuwa na sanduku la msaji ambalo lilikuwa la bibi mzaa mama. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tunaoza, tulilipeleka kwenye karakana moja katika mji mmoja wa Ghuba. Tulitaka ling'are, na tulitaka lirudi baada ya siku mbili. Lilirudi likimeremeta. Baada ya wiki moja tulijaribu kulifungua, kifuniko kikakataa. Vanishi ilikuwa imepakwa mikono mitatu ndani ya siku moja. Juu ilikauka, chini ilikuwa bado laini, na kifuniko kilishikana na kingo za sanduku. Tulipokilazimisha kilitoka na vipande vya rangi. Mbele, penye njumu, vanishi ilikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Hayo yangerekebishika. Ambalo halikurekebishika ni la ndani ya kifuniko. Mume wa bibi alikuwa ameandika pale kwa wino, kwa herufi za Kiarabu, majina ya watoto wake sita na tarehe zao za kuzaliwa kwa mwaka wa Hijra. Fundi alipiga msasa ndani kama alivyopiga nje. Wanne katika hao sita tunawajua. Ni wazee wetu. Wawili walifariki wakiwa wachanga, na kifuniko kile ndicho kilichokuwa kimehifadhi majina yao. Mama yetu alikumbuka jina la mmoja. La pili hatunalo.

Hatumlaumu fundi. Sisi ndio tuliompa siku mbili, na hatukufungua kifuniko tukatazama.

Maneno ya kazi

Lugha yetu inaijua kazi hii tangu zamani. Tabaka moja la rangi fundi huliita mkono: mkono wa kwanza, mkono wa pili. Karatasi ya kusugulia mbao twaiita msasa, kwa jina la mti ambao majani yake hukwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani. Vyombo vya baharini vilipakwa deheni upande wa chini, nayo ni shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mbao za juu zikapakwa sifa, mafuta ya papa. Neno deheni asili yake ni Kiarabu, duhn, yaani mafuta. Na kutoka mzizi huohuo Waarabu wana dihan, rangi ya kupaka. Mafuta na rangi vimekuwa ndugu tangu zamani, na kwenye sanduku la mbao ndivyo vilivyo.

Si kila kitu hukauka

Kosa la mwanzo la wengi wetu ni kudhani kwamba kila kinachopakwa kitakauka kikiachwa tu. Mafuta ya nazi, ambayo mabibi wengi walifutia masanduku, hayakauki. Huingia kwenye mbao, yaliyobaki hunata, yakakusanya vumbi na moshi. Weusi ule tunaouona pembezoni mwa njumu aghlabu ni huo: mafuta, vumbi, udi na mikono ya watu.

Mafuta ya kitani ni tofauti. Hayo hukauka, lakini si kwa kupotea hewani kama maji. Yanakunywa hewa, yaani yanaungana na oksijeni mpaka yanakuwa kigumu. Mafuta mabichi ya kitani yakipakwa membamba huchukua siku kadhaa, pengine wiki na zaidi. Yale yanayouzwa kwa jina la mafuta yaliyochemshwa yametiwa dawa ya kuharakisha, nayo huchukua siku moja hivi au zaidi kidogo. Vanishi ya mafuta hukauka kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo ukipaka mkono wa pili juu ya wa kwanza ambao haujakauka, umeufungia hewa. Utabaki laini chini kwa wiki nyingi, na juu patakunjamana. Hilo ndilo lililotupata sisi.

Aina ya tatu ni lakiri iliyoyeyushwa kwa spiriti. Lakiri ni utomvu unaotolewa na mdudu mdogo wa Bara Hindi, na mafundi wa Misri huiita gamalaka. Hii hukauka kwa spiriti kuruka hewani, kwa dakika chache, na mkono mpya huyeyusha kidogo ule wa chini ukashikana nao. Ila ikipakwa siku ya unyevu mwingi hufanya ukungu mweupe.

Ukitaka kujua sanduku lako lina nini, chukua tone la spiriti kwa ncha ya kitambaa, ugusishe mahali pasipoonekana, kama nyuma karibu na sakafu. Ikilainika na kunata, ni lakiri. Isipobadilika, huenda ni vanishi ya mafuta au dawa ya kisasa.

Kusoma kwanza

Kabla ya kopo kufunguliwa, sanduku litazamwe siku ya mwanga mzuri. Funguo kifuniko, toa droo zote, tazama migongo na matumbo yake. Tazama chini ya sanduku lenyewe. Hapo ndipo panapopatikana nambari za fundi, alama za forodha, karatasi za meli, hesabu za duka, majina. Piga picha, na mwandiko uliofifia upigwe picha mwanga ukiwa unatoka ubavuni. Mwenye kutaka kujua sanduku lake ni la namna gani, kitabu cha Sheila Unwin kuhusu sanduku la Kiarabu, kilichotoka 2006, kitamsaidia.

Baada ya hapo, mbao ya zamani inatosha kufutwa vumbi kwa kitambaa laini, na ikihitaji, kupakwa nta kidogo na kusuguliwa. Siku hizi wahifadhi wa makumbusho hawapendi hata mafuta ya kitani juu ya vitu vya kale, kwa sababu huzidi kuwa meusi kadiri miaka inavyopita, na kuyaondoa ni shida.

Kufananisha mbao mpya

Masanduku yetu yamesafiri, na yaliyosafiri huvunjika. Miguu hupotea, ubao wa chini huliwa na mchwa, ubao wa nyuma hupasuka kwa baridi kavu ya kiyoyozi. Seremala akishatia ubao mpya, huwa mweupe kando ya ule wa kahawia iliyokolea. Hapa ndipo rangi ya mbao inapohitajika, na hapa ndipo mikono mingi myembamba inaposhinda mmoja mzito.

Msaji na sesemi zina mafuta yake ndani, na mafuta hayo huzuia dawa za juu zisikauke. Kwa hiyo ubao mpya ufutwe kwanza kwa spiriti, uachwe ukauke, kisha upakwe siku hiyohiyo. Kabla ya hapo uwe umepigwa msasa kufuata uzi wa mbao, kuishia karibu namba 220. Ukilainisha kupita kiasi mbao hainywi rangi tena.

Kata kipande cha ubao uleule, kiwe cha majaribio. Chochote utakachokifanya, kifanye huko kwanza.

Mkono wa kwanza upakwe kwa kitambaa, uachwe dakika tano hadi kumi, kisha iliyobaki juu ifutwe yote. Wengi hawafuti, wakidhani ikibaki nyingi itakoza. Rangi ya mbao imetengenezwa kuingia ndani. Inayobaki juu haishiki, hunata, na vanishi ikija juu yake hubanduka.

Kisha subiri. Rangi ya maji huhitaji saa chache. Rangi ya mafuta ipewe saa 24, na penye unyevu saa 48. Usiamini ncha ya kidole peke yake. Nusa: ikiwa bado inanuka dawa, bado inakauka. Futa kwa kitambaa cheupe: kikichukua rangi, bado.

Kusubiri huku si kwa usalama wa kazi tu. Jicho hudanganyika. Rangi ikiwa mbichi huonekana imekoza. Ikikauka hupauka na kuwa kavu isiyo na uhai. Vanishi au lakiri ikija juu hukoza tena. Anayehukumu ikiwa mbichi husimama mapema, na anayeiona imepauka huongeza mikono miwili isiyohitajika, kisha vanishi inapotiwa ubao unakuwa mweusi kuliko sanduku. Ukitaka kuona mwisho wake utakuwaje, lowesha kipande cha majaribio kilichokauka kwa spiriti kidogo: rangi utakayoiona kwa sekunde zile chache ndiyo iliyo karibu na ya mwisho.

Mkono wa pili hukoza kidogo kuliko wa kwanza, na wa tatu kidogo zaidi, kwa sababu mbao imeshashiba. Simama ubao ukiwa umepauka kidogo kuliko jirani yake. Kuukoza baadaye ni rahisi, kuupausha ni taabu.

Vanishi ya juu ifuate utaratibu huo: myembamba, siku nzima baina ya mkono na mkono, msasa laini sana katikati, vumbi lifutwe. Na hata mkono wa mwisho ukishakauka, usifunge kifuniko wala kuweka chetezo juu. Vanishi ya mafuta huchukua wiki tatu au nne kuwa ngumu kweli.

Majira na mahali

Mwenye kufanya kazi hii Unguja aepuke masika. Salala, aepuke khareef. Maskati wakati wa joto hewa ya pwani ina unyevu, na nje jua hukausha ngozi ya juu kabla ya ndani. Bora ndani ya chumba chenye madirisha, miezi ya baridi. London wakati wa baridi, chumba kisicho na moto huongeza siku, si saa.

Na onyo moja ambalo hatutaki mtu alipite. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, au rangi na vanishi za mafuta, visitupwe vikiwa vimefinyangwa pamoja. Mafuta yale yanapokunywa hewa hutoa joto, na rundo la vitambaa huweza kuwaka lenyewe usiku, bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka viwe vikavu, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Tulipozihesabu siku za kazi kama inavyotakiwa, kwa ubao mmoja wa nyuma wa sanduku la bibi, tulipata siku kumi na moja, mbali na wiki za mwisho za kuacha. Safari hii hapakuwa na harusi. Ndani ya kifuniko, pale palipopigwa msasa, hatukupaka kitu. Tumebandika karatasi yenye majina matano, na nafasi ya la sita tumeiacha wazi. Ikiwa wako katika ukoo wetu wanaolijua, tungependa kusikia kutoka kwao.