Kinywa Kilichoharibika Hurejeshwa kwa Hatua

Mwananchi anayefika kliniki ya kinywa na meno akiwa na meno mengi yaliyotoboka, mizizi iliyobaki na fizi zinazotoa usaha, mara nyingi huwa na ombi moja: ang'olewe yote, apumzike. Ombi hilo linaeleweka, hasa kwa mtu aliyekesha kwa maumivu. Hata hivyo, si kila jino baya halina matumaini. Makala haya yanaeleza namna kinywa cha aina hiyo kinavyotibiwa, na kwa nini kazi hiyo huhitaji mahudhurio kadhaa.

Tuchukue mfano wa mtu mzima aliyebakiwa na meno 21 kati ya 32. Siku ya kwanza daktari hukagua jino moja moja, na inapohitajika hupigwa picha ya eksirei ili kuona mizizi na mfupa wa taya. Mgonjwa huulizwa pia kuhusu kisukari, shinikizo la damu na dawa anazotumia. Asifiche. Sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi na huchelewesha vidonda kupona.

Kinachotangulia ni kuondoa maumivu na usaha. Jipu hutolewa usaha, na jino lisilookoleka hung'olewa kwa sindano ya ganzi. Karafuu hutuliza kwa muda, nazo dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa dukani huweza kupunguza uvimbe, lakini chanzo kikibaki ndani ya jino, usaha hurudi.

Baada ya hapo hushughulikiwa fizi. Ukoga usiposafishwa hugeuka ugaga, mgumu kama chokaa, ambao mswaki hauwezi kuuondoa. Hukwanguliwa kliniki kwa vifaa maalumu. Wapo wanaoamini kwamba kukwanguliwa ndiko kunakolegeza meno. Sivyo. Jino hulegea kwa sababu ugonjwa umekwisha kula mfupa unaolishika, na ugaga ulikuwa ukificha hali hiyo tu.

Fizi zikitulia, meno yaliyotoboka huzibwa. Jino lililooza hadi kwenye kiini, penye neva na mishipa ya damu, laweza bado kuokolewa kwa kusafisha mizizi yake, kuijaza na kuziba juu. Tiba hii hudai muda na vifaa. Pale isipopatikana, mgonjwa huandikiwa rufaa. (Meno ya kahawia ya wenyeji wa maeneo yenye floridi nyingi majini, kama sehemu za Arusha na Kilimanjaro, ni jambo jingine: rangi hiyo peke yake si kuoza, wala si sababu ya kung'oa.)

Hapa katikati ndipo wagonjwa wengi hupotea. Maumivu yamekwisha, msimu wa kilimo umeanza, nauli ni ghali. Lakini pengo halikai kimya. Meno ya jirani huinamia upande wake, na jino la taya ya pili hushuka au kupanda kulifuata. Chakula hunasa, upande mmoja huelemewa na kazi ya kutafuna, na meno yaliyokwisha kuzibwa huanza kuharibika upya. Jambo ambalo lingemalizwa kwa meno bandia machache huwa gumu zaidi.

Meno bandia hufuata mwishoni kwa sababu maalumu. Baada ya jino kung'olewa, mfupa wa taya hupungua, na hupungua kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Meno bandia yakitengenezwa mapema mno hulegea upesi. Ndiyo maana daktari humtaka mgonjwa asubiri wiki kadhaa, pengine miezi. Akishayapata, ayavue usiku, ayasafishe na kuyahifadhi katika maji safi yasiyo ya moto.

Kabla ya kuanza, mwombe daktari akuandikie mpango wa matibabu, hatua kwa hatua, pamoja na gharama ya kila hatua. Mwenye bima ya afya aulize dirishani ni huduma zipi zinalipiwa na kadi yake. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo aseme mapema, ili hatua za dharura zitangulie na nyingine zipangiwe tarehe.

Mgonjwa mwenye uvimbe unaoenea chini ya taya au shingoni, anayeshindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.