Deki ya fyekeo ikipasuka, ufa si ugonjwa wenyewe

MVUA zinapokatika katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kazi ya kwanza ya mwenye mikorosho ni kusafisha shamba. Nyasi na vichaka vilivyoota chini ya miti huondolewa kabla ya kuanza kupulizia dawa ya ubwiri unga, kisha hukatwa tena kabla korosho hazijaanza kudondoka, kwa kawaida kuanzia Septemba au Oktoba. Korosho haichumwi mtini kama chungwa. Huachwa ianguke yenyewe, ndipo iokotwe. Ikiangukia kwenye nyasi ndefu, ama haionekani kabisa, ama inakaa chini siku nyingi hadi inapata unyevu na kubadilika rangi, na ikifika ghalani inashushwa daraja.

Kwa sababu hiyo trekta dogo la nguvu za farasi 20 hadi 40 lenye fyekeo nyuma yake limekuwa chombo cha maana kwa mkulima wa ekari nyingi na kwa mfanyabiashara anayefyekea wengine kwa malipo. Mikorosho hupandwa kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, sawa na miti kama 28 kwa ekari, lakini ikishakua matawi yake huinama hadi karibu na ardhi. Trekta kubwa halipiti hapo bila kuvunja matawi yenye maua.

Tatizo ni kwamba shamba la mikorosho si uwanja wa mpira. Kuna visiki, vichuguu na mawe yaliyojificha kwenye nyasi. Sehemu inayobeba adhabu yote hiyo ni deki, yaani lile bamba la chuma lililo kama sufuria iliyofunikwa, ambalo juu yake hufungwa giaboksi na chini yake huzunguka visu. Mara nyingi deki hupasuka kuzunguka matundu ya bolti za giaboksi au kwenye kona zake. Fundi wa kuchomelea huitwa, ufa huzibwa kwa nusu saa, na wiki mbili baadaye umefunguka tena, safari hii sentimita tatu pembeni ya pale pa kwanza.

Wengi humlaumu fundi. Wakati mwingine lawama ni halali, lakini mara nyingi fundi alifanya alichoambiwa: aliambiwa azibe ufa, akauziba. Hakuna aliyemwambia atafute kilichoupasua.

Gramu 50 tu

Chukua fyekeo ambalo visu vyake huchora duara la kipenyo cha mita 1.2 na kuzunguka mara 1,000 kwa dakika. Ncha ya kisu hapo inakwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kisu kimoja kikigonga jiwe na kumeguka kipande cha gramu 50 tu kwenye ncha, visu viwili havina tena uzito sawa, na ule upande mzito huivuta shafti kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 33 hivi. Mvuto huo huzunguka na kisu, kwa hiyo deki inatikiswa kila upande zaidi ya mara 16 kwa sekunde. Kwa saa kumi za kazi ni mizunguko 600,000. Chuma hakivunjiki kwa pigo moja la namna hiyo. Huchoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mkononi hadi ukatike.

Mwendo nao una hesabu yake. Mafyekeo mengi ya matrekta madogo yametengenezwa kuendeshwa na shafti ya nyuma ya trekta, ambayo mafundi huiita PTO, ikizunguka mara 540 kwa dakika. Matrekta mengi madogo yaliyotumika Japani na kuuzwa huku, yakiwamo ya Kubota, Yanmar na Iseki, yana gia tatu au nne za shafti hiyo, na kwa kawaida ni ya kwanza tu iliyo karibu na 540. Dereva asiyejua huona gia ya juu inakata vizuri zaidi, akaendelea nayo. Mwendo ukiongezeka mara moja na nusu, ule mvuto wa kisu kisicho na uwiano huongezeka mara mbili na robo. Deki iliyokusudiwa kudumu miaka inapasuka ndani ya msimu mmoja.

Sababu ya tatu ni kutu. Nyasi mbichi hugandamana chini ya deki na kukaa na unyevu wiki nzima, na kwa mashamba yaliyo karibu na bahari upepo wa chumvi huongeza kazi. Bamba lililokuwa na unene wa milimita nne linabaki na mbili, huku rangi ya juu ikionekana nzima.

Kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea

Kazi huanza kwa kuifungua deki kutoka kwenye trekta na kuigeuza. Udongo na nyasi vikwanguliwe hadi chuma kionekane, kisha deki igongwe kwa nyundo ndogo kila mahali. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, na bisibisi ikisukumwa kwa nguvu huingia. Mahali pa namna hiyo hapachomelewi juu kwa juu, kwa sababu moto utatoboa. Hukatwa hadi kwenye chuma kizima, kipande kipya kikawekwa.

Ndipo shafti na visu vikaguliwe. Kisu kikishikwa na kutikiswa juu na chini, kisicheze. Kikicheza, beringi zimekwisha. Deki ikisimamishwa sawasawa juu ya sakafu, pimwa urefu kutoka sakafuni hadi ncha ya kisu kimoja, kisha zungusha nusu duara na upime cha pili mahali palepale. Tofauti kubwa ina maana kwamba shafti imepinda au mhimili unaobeba visu umepinda. Kuchomelea deki huku shafti ikiwa imepinda ni sawa na kupaka dawa kwenye kidonda huku mwiba ukiwa bado ndani.

Mwisho wa ufa haupo pale macho yanapouona. Njia ya zamani ya mafundi bado ndiyo rahisi kuliko zote: paka mafuta ya taa kwenye ufa, subiri dakika chache, futa kwa kitambaa kikavu, kisha paka unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia ndani hupanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, na mara nyingi mstari huo hupita pale palipodhaniwa kuwa ni mwisho. Kwenye ncha halisi ya ufa hutobolewa tundu dogo la milimita tano au sita. Tundu hilo huondoa ile ncha kali ambayo ufa huitumia kusonga mbele. Fundi anayeruka hatua hii kwa sababu eti inachukua muda, afadhali atafutwe mwingine.

Baada ya hapo ufa huchimbwa kwa grainda hadi uwe mfereji wenye umbo la V, na rangi, kutu na grisi viondolewe pande zote hadi chuma king'ae. Uchomeleaji ufanyike kwa vipande vifupi vya sentimita tatu au nne, kwa kupishana, ili joto lisikunje bamba. Beringi zitolewe kwanza, kwani joto na umeme wa kuchomelea huziharibu, lakini giaboksi tupu au kipande cha bamba nene kifungwe kwenye matundu yake ili matundu yasihame. Iwapo deki bado imeungana na trekta, waya wa betri ufunguliwe, na klampu ya kurudisha umeme ishike karibu kabisa na pale panapochomelewa.

Bamba la kuongeza nguvu huwekwa juu ya ufa uliokwisha kuchomelewa. Hapa mafundi wengi hukosea kwa nia njema: huweka chuma kinene cha milimita kumi juu ya deki ya milimita nne. Chuma hicho hakitapasuka kamwe. Itapasuka deki, pembezoni mwa kiraka. Unene unaofaa ni uleule wa deki au zaidi kidogo, kona zake ziwe za mviringo, na kiraka kipite ufa kwa sentimita kadhaa kila upande.

Kisu chenyewe hakichomelewi. Kisu kilichopasuka au kumeguka sana hubadilishwa, na vibadilishwe viwili kwa pamoja, kwa sababu kipya na kilicholika havina uzito sawa. Kisu kilichochomelewa kikiachia kwa kasi ya kilomita 220 kwa saa, si hasara ya fedha tena. Vivyo hivyo minyororo au mpira unaoning'inia nyuma na mbele ya fyekeo urudishwe mahali pake. Haukuwekwa kwa urembo.

Hesabu ya fedha

Mfano ufuatao ni wa kukisia, na kila mmoja aweke bei za kwake. Tuseme kuziba ufa peke yake ni Sh30,000, na matengenezo kamili, pamoja na beringi, visu viwili na bamba, ni Sh220,000. Mwenye trekta anafyeka ekari tano kwa siku kwa Sh40,000 kila ekari, na akitoa dizeli na posho ya dereva anabakiwa na Sh120,000. Akiziba ufa, deki ikafunguka mara mbili katikati ya msimu na kila mara trekta likalala siku mbili, amepoteza Sh480,000 za kazi na kulipa fundi mara tatu, jumla Sh570,000. Beringi na visu bado ni vibovu. Aliyefanya kazi kamili mwezi Aprili, wakati mvua bado inanyesha na trekta halina kazi, ametumia Sh220,000 tu.

Kuna deki zisizostahili kutengenezwa. Kutu ikishakula eneo lote linalobeba giaboksi, viraka havitakuwa na pa kushika. Hata hivyo, hilo si sababu ya kununua fyekeo jipya. Deki ni bamba tu. Fedha ipo kwenye giaboksi na shafti. Karakana yenye uwezo wa kukata na kukunja bamba la milimita tano inaweza kutengeneza deki mpya kwa kufuata vipimo vya ile ya zamani na kuhamishia giaboksi humo. Lililopasuka likiwa ni ganda la giaboksi lenyewe, hapo ni jambo jingine. Ganda hilo ni chuma cha kalibu, ambacho hakichomelewi kwa vijiti vya kawaida, na ni wachache wenye ujuzi nacho. Aulizwe kwanza bei ya ganda lingine.

Deki ikirudi, chini yake ipakwe rangi na sio juu tu. Iwashwe kwanza kwa mwendo mdogo, watu wakiwa mbali, kwa dakika kumi bila kukata kitu. Mtikisiko ukisikika kwenye kiti cha dereva, izimwe na visu vipimwe upya. Baada ya saa ya kwanza shambani bolti zote za giaboksi zikazwe tena, kwa sababu rangi mpya chini yake hulegea. Kuanzia hapo spana iguswe kila asubuhi kabla ya trekta kutoka, na nyasi zikwanguliwe kila jioni likirudi.