Mama Mja Mzito na Tezi ya Shingo Iliyolegea

Yako mazoea yanayowadhuru akina mama wasiojua. Mtu aliyekuwa akimeza kila siku dawa ya tezi ya shingo, mara atambuapo kuwa ni mja mzito huiacha, akidhani kwamba hivyo anamkinga mtoto. Ukweli ni kinyume chake: wakati huo ndipo mtoto aihitajipo zaidi.

Tezi hiyo, iitwayo thairoidi, ipo mbele ya koo, na umbo lake ni kama la kipepeo. Hutoa homoni ziongozazo joto la mwili, mapigo ya moyo na ukuaji wa ubongo. Mpaka karibu na nusu ya mimba, mtoto hutegemea homoni za mama yake. Zikipungua, mimba yaweza kuharibika, mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, au ubongo wake usikue sawasawa.

Dalili za maradhi haya hujificha ndani ya zile za mimba: uchovu, kufunga choo, kuongezeka uzito. Lakini mama ahisiye baridi hali wenzake wanatokwa na jasho, ambaye ngozi imemkauka na sauti imekuwa nzito, na aombe kupimwa damu.

Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, wataalamu waliochunguza tangu miaka ya 1960 walikuta watu wengi wenye rovu, na watoto waliodumaa mwili na akili. Sababu kubwa ilikuwa upungufu wa iodini. Na muhogo usiolowekwa vya kutosha ulizidisha madhara.

Mama atumiaye levothairoksini na azingatie haya:

Kwanza, asiiache. Akosapo siku zake amwone daktari upesi, kwa kuwa kipimo cha dawa aghalabu huongezwa kwa robo hadi nusu.

Pili, aimeze kwa maji matupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai ya asubuhi.

Tatu, vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu asivimeze pamoja nayo. Upite muda wa saa 4, kwani huizuia isiingie mwilini.

Nne, damu ipimwe kila majuma 4 hadi nusu ya mimba, kisha karibu na juma la 30. Akishajifungua, daktari hupunguza kipimo, na damu hupimwa tena baada ya majuma 6. Kunyonyesha hakukatazwi.

Jikoni, itumike chumvi yenye iodini, ifunikwe vizuri mbali na jua na unyevu, na itiwe chakula kikaribiapo kuiva. Hata hivyo, chumvi haishiki nafasi ya dawa.

Nanyi akina baba, msingoje kuombwa: vidonge vikikaribia kwisha nyumbani, vitafuteni mapema. Kidonge hicho kidogo cha alfajiri ni haki ya mtoto ambaye bado hajaweza kukidai.