Upimaji wa Kimaabara wa Mchango wa Seli za Saratani katika Kuganda kwa Damu

Mnamo mwaka 1865, jijini Paris, daktari Armand Trousseau alieleza uhusiano kati ya saratani na kuganda kwa damu ndani ya vena. Uzito wa uhusiano huo haujapungua. Donge la damu likibanduka katika vena ya mguu na kuziba mshipa wa mapafu, mgonjwa anaweza kufariki kabla uvimbe wenyewe haujamshinda. Makala haya yanafafanua namna mchango wa seli hizo unavyopimwa, na kubainisha kwamba kasi ya kuganda pekee haithibitishi chanzo chake.

Katika kipimo cha msingi, damu huchanganywa na sitreti, ambayo hufunga kalsiamu na kuizuia damu isigande. Plazima hutenganishwa, kisha huongezwa seli za saratani zilizooshwa na kuhesabiwa. Mchanganyiko hupashwa joto hadi nyuzi 37 za Selsiasi, kalsiamu hurejeshwa, na muda hupimwa kwa sekunde hadi nyuzi za fibrini zinapojitokeza.

Muda ukiwa mfupi, tafsiri zake ni zaidi ya moja. Seli nyingi za saratani hubeba kwenye utando wake kichochezi cha tishu, yaani protini inayoungana na kigandishi cha VII na kuanzisha mfuatano unaozalisha thrombini. Hata hivyo, seli zilizokufa nazo hufichua fosfatidilserini, mafuta ya utando yanayoharakisha mfuatano huohuo. Aidha, plazima yaweza kuanza kuganda kwa kugusana tu na neli ya kioo.

Kwa sababu hiyo, vipimo linganishi ni vya lazima. Plazima isiyo na seli huonesha athari ya neli, na hesabu ya seli hai hudhibiti athari ya zilizokufa. Kingamwili inayozuia kichochezi cha tishu ikirefusha muda, ushiriki wa kichochezi hicho huthibitika. Seli zikiendelea kufupisha muda katika plazima iliyokosa kigandishi cha VII, njia nyingine haina budi kuchunguzwa.

Pamoja na hayo, neli haina ukuta wa mshipa wala mtiririko wa damu. Matokeo yake hueleza uwezo wa seli kugandisha plazima. Hayatoshi kukadiria hatari inayomkabili mgonjwa.