Mgeni Rasmi Asiyefika Makambako

Kwaya nyingi za Njombe na Makambako zimekuwa zikiuza muziki bila dalali tangu enzi za kaseti. Siku ya uzinduzi wa albamu, mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa bei ya heshima, waalikwa humfuata kila mmoja kwa uwezo wake, na mhasibu huhesabu fedha palepale ukumbini. Shida huanza kesho yake. Nakala moja ikishafika kwenye kibanda cha stendi na kuingizwa kwenye kompyuta, madereva wa malori ya Tunduma hujaziwa nyimbo zote kwenye flashi, na kwaya haioni hata senti.

Wengi hudhani dawa ni kuweka nyimbo Spotify au Boomplay. Huko si kuuza moja kwa moja. Kwenye Spotify, ada za wanachama na fedha za matangazo hutiwa kapu moja, kisha hugawanywa kwa kuangalia nyimbo zipi zimesikilizwa zaidi. Mtu anaweza kusikiliza kwaya ya usharika wake peke yake mwezi mzima, lakini sehemu kubwa ya ada yake ikawaendea mastaa wa ng'ambo. Tena tangu 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. Kwa kikundi cha vijijini huko juu Kitulo, sharti hilo ni zito mno.

Kuuza moja kwa moja ni jambo jingine: mwanamuziki anapanga bei, msikilizaji analipa na kupewa faili lake, na mwenye jukwaa anakata asilimia inayojulikana. Bandcamp, jukwaa la Marekani lililoanza 2008, hukata asilimia 15 kwa faili na 10 kwa kaseti au santuri, mbali na gharama za malipo. Muziki wa singeli ulipita njia hiyo. Mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Mburahati, Dar es Salaam, na muziki wa uswahilini ukaanza kununuliwa na watu wasioijua hata barabara ya Manzese. Lebo ilikuwa katikati, ni kweli, lakini duka lilikuwa wazi kwa dunia nzima.

Nyumbani nako kulijaribiwa. Duka la nyimbo mtandaoni la Mkito lilianza 2014, na mwaka 2017 msanii Diamond Platnumz akafungua lake, Wasafi.com, wimbo mmoja Sh300. Bei hiyo haiwezi kumshinda mtu mwenye simu. Kilichokwamisha ni kwamba wimbo uleule ulikuwa YouTube bure, na mteja hakuona sababu ya kulipia.

Hapa ndipo kwaya zinapowazidi mastaa. Mbena wa Njombe aliyeko Dodoma au Mbagala, asiyeweza kufika uzinduzini, hanunui albamu ya kwao kwa kukosa pa kuisikiliza; ananunua kwa sababu ni ya kwao. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, na leo lipa namba pamoja na WhatsApp vinatosha kuwa duka. Tuseme albamu ni Sh5,000: wanunuzi 200 ni Sh1,000,000, na kila muamala unaacha kumbukumbu. Namba za wanunuzi zitunzwe kwa ridhaa yao, maana ndio watakaoarifiwa albamu ijayo ikitoka. YouTube haimpi mwanamuziki orodha hiyo.

Flashi za stendi hazitakoma kwa sababu hiyo, na ndiyo maana kazi inapaswa kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kutoka. Lipa namba nayo iwe ya kikundi, isiwe ya mwalimu wa kwaya, ili fedha zisije zikazua ugomvi. Kwaya inayojiandaa kuzindua albamu mwaka huu iichapishe namba hiyo kwenye bango la uzinduzi, na iwatumie wanunuzi nyimbo wiki mbili kabla hazijapanda YouTube.