Mikate iliyobaki kapuni

Ukimtaja Mtakatifu Antoni katika parokia zetu, wengi humfikiria yule wa Padua, anayeombwa funguo zikipotea. Leo namzungumzia mwenzake wa kale, Antoni Abate, Mmisri, ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 17 Januari. Yule wa Padua alibatizwa kwa jina la Fernando. Jina la Antoni alilichukua mwaka 1220 alipojiunga na Wafransisko, kwa heshima ya huyu wa Misri.

Antoni alikuwa kijana wa miaka kama ishirini hivi. Wazazi walikuwa wamefariki, wakamwachia mashamba na dada mdogo wa kumtunza. Siku moja aliingia kanisani akakuta inasomwa Injili ya Mathayo, pale Yesu anapomtaka kijana tajiri auze alivyo navyo na kuwapa maskini. Akatoka, akagawa mashamba. Mtakatifu Atanasi, askofu wa Aleksandria aliyeandika maisha yake, anaeleza kwamba dada yake alimkabidhi kwa mabikira waaminifu wamlee. Wahubiri wengi hulipita jambo hilo haraka, mimi nalipenda. Kisha akaenda jangwani, na huko alifariki mwaka 356, akiwa na miaka 105 kwa hesabu ya Atanasi.

Chini ya mlima alikomalizia siku zake ipo monasteri yenye jina lake, miongoni mwa zile za kale kabisa duniani. Nilikwenda huko peke yangu, katika likizo yangu ya mwaka. Kutoka Cairo barabara inashuka hadi Bahari ya Shamu, inafuata pwani, halafu inakata kuingia jangwani. Hakuna mti, hakuna mbuzi. Dereva aliniacha getini na begi langu na barua ya utambulisho.

Kuta ni ndefu na nene. Zamani mgeni hakupita mlangoni, kwa kuhofia wavamizi. Alivutwa juu ya ukuta kwa kamba. Ndani kuna mitende, mizeituni na chemchemi inayotoka mwambani. Atanasi anayataja maji hayo, na anasimulia kwamba Antoni aliomba aletewe jembe na mbegu za ngano ili asiwe mzigo kwa waliomletea mkate. Baadaye akapanda na mboga, kwa ajili ya wageni waliochoka na safari. Mtu aliyekimbilia upweke, analima mboga za wageni! Na Wakristo walipoteswa chini ya Kaisari Maximino, aliteremka hadi Aleksandria kuwahudumia waliofungwa na kuwatia moyo waliopelekwa mahakamani.

Pango lake liko juu mlimani, ngazi zaidi ya elfu moja. Kwa umri wangu nilipumzika mara nne. Unaingia kwa ubavu, katika mwanya unaomtosha mtu mmoja, hadi kwenye chumba kidogo cheusi. Nilikaa humo kidogo, nikasali kwa ajili ya parokia, nikateremka.

Wamonaki walinipokea vizuri. Huvaa kanzu nyeusi na kofia ya kitambaa yenye misalaba midogo kumi na miwili, nao huitwa Abuna, yaani baba yetu. Kiarabu sikijui, lakini Mswahili hapotei kabisa katika sala zao: kanisa, injili, roho, malaika, yote hayo utayasikia. Nilijikuta naitikia moyoni kabla ya kutafsiriwa.

Kengele ililia saa kumi alfajiri. Katika kanisa la kale, kuta zimejaa watakatifu waliochorwa karne ya 13, ambao moshi wa mishumaa ulikuwa umewafunika hadi waliposafishwa miaka ya 1990. Tulivua viatu. Padre aliletewa kapu la mikate midogo ya mviringo, yenye hamira na alama ya msalaba. Idadi yake haigawanyiki kwa mbili: mitatu, mitano au saba. Aliigeuza mmoja mmoja akitafuta usio na dosari. Huo mmoja huitwa Mwanakondoo, na ndio unaowekwa wakfu.

Wakopti na sisi tulitengana baada ya Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III walitia saini tamko la pamoja kuhusu imani yetu kwa Kristo, lakini altare bado ni mbili, na kwao asiye wa ushirika wao hakomuniki. Kwa hiyo, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kugawa Ekaristi, nilisimama nyuma kabisa nikitazama wengine wakienda. Mguu mmoja ulikuwa unataka kutoka. Ni njaa halisi, ndugu msomaji, na unaihisi chini ya kifua. Niliwafikiria waamini wetu wanaobaki kwenye benchi kila Dominika kwa sababu ndoa yao haijakaa sawa mbele ya Kanisa, huku jirani akiwaruka magoti kwenda mbele. Wapo waliokaa hivyo miaka kumi na tano, na Dominika inayofuata wanakuja tena. Imani yao ni kubwa.

Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha taratibu za mashauri ya ubatili wa ndoa. Hukumu ya pili ya kuthibitisha ya kwanza si lazima tena. Wengi hawajaambiwa. Nendeni ofisi ya parokia, mpangiwe siku ya kuonana na padre.

Ibada ilipokwisha, Abuna alisimama mlangoni na lile kapu. Mikate ambayo haikuchaguliwa hugawiwa kila aliyekuwepo kama baraka, mgeni naye. Alinipa miwili, akaashiria kwamba mmoja ni wa safari.

Huo wa safari nilimpelekea mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye shauri lake liko jimboni kwa mwaka wa pili sasa. Amenikubalia niandike hili. Ulikuwa umekauka kama jiwe. Alinisikiliza nikimweleza ulikotoka, akachemsha chai, akauchovya na wajukuu wake wawili hadi ukaisha.